Fundi, mbona inakwama? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jinsi printa za ofisini zinavyoundwa

Maswali haya nimeyasikia mezani kwangu kwa miaka mingi ya kufungua printa Dar es Salaam. Mengi huanza kama lawama: "fundi, hawa waliotengeneza walikuwa wanafikiria nini?" Walikuwa wanafikiria mengi. Majibu haya yanahusu zaidi printa za leza, maana ndizo zinazobeba kazi ya maofisi na steshenari nyingi. Ukikutana na jibu linalokutuma kwenye swali jingine, lifuate. Sikutaka kurudia jambo moja mara tatu.

## Mambo ya msingi

1. Printa ya leza inaandikaje wakati haina wino wa maji?

Kwa umemetuli. Kumbuka jaribio la shule ya msingi: unachana nywele kavu kwa kitana cha plastiki, halafu kitana kinanyanyua vijikaratasi. Printa inafanya hivyo hivyo, kwa mpangilio tu.

Ndani kuna dramu, silinda iliyopakwa utando mwembamba wenye tabia ya ajabu: gizani unashika chaji, ukipigwa na mwanga unaiachia. Kwanza rola inaipa dramu yote chaji hasi. Kisha mwale wa leza unarushwa kwenye kioo kidogo chenye pande kadhaa, kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kila upande ukipita mwale unafagia mstari mmoja wa ukurasa. Pale leza ilipogusa, chaji inashuka. Tona, ambayo ni unga mkavu wenye chaji hasi pia, inakimbia sehemu zenye chaji kubwa na kung'ang'ania zile zilizoshuka. Karatasi inapita, na nyuma yake kuna rola yenye chaji chanya inayouvuta unga uhamie karatasini. Fyuza (sehemu ya moto ya printa, si fyuzi ya umeme) inauyeyusha na kuukandamiza. Unga uliobaki kwenye dramu unakwanguliwa na ubapa wa mpira, na mzunguko unaanza tena.

Kuchaji, kuchora, kupaka, kuhamisha, kuyeyusha, kusafisha. Zishike hatua hizo 6, kwa sababu karibu kila kasoro ya uchapaji inatoka kwenye mojawapo, na fundi anayebadilisha vipuri bila kujua ni ipi anabahatisha kwa pesa zako.

2. Nani alibuni kitu cha namna hii?

Chester Carlson, Mmarekani aliyefanya kazi ya hataza (hati za kulinda uvumbuzi) na kuchoshwa na kunakili nyaraka. Tarehe 22 Oktoba 1938, kwenye chumba alichopanga Astoria, New York, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa kitambaa ili lipate chaji, wakaweka juu yake kioo kilichoandikwa kwa wino, wakalimulika, wakanyunyiza unga. Maandishi yakajitokeza: "10.-22.-38 ASTORIA". Wakayahamishia kwenye karatasi yenye nta na kuyapasha moto yagande. Hesabu: hatua zile za swali la 1 karibu zote zipo.

Kutoka hapo hadi mashine iliyoshika soko ilikuwa safari ya miaka 21. Kampuni ya Haloid ya Rochester, iliyokuja kuitwa Xerox, ilitangaza mashine ya kunakili nyaraka, modeli ya 914, mwaka 1959. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 300, na kwa vile karatasi iliyokwama ndani iliweza kuungua, ilikuja na kizima moto kidogo. Wauzaji walikipa jina la upole ili wateja wasishtuke. Unaweza kucheka, lakini huo ni uhandisi wa kweli: hatari ilijulikana, ikawekewa kinga, kisha wakaendelea kuipunguza.

Leza iliingizwa na Gary Starkweather, mhandisi wa Xerox aliyewaza kwamba badala ya kumulika nakala ya karatasi, kompyuta iuongoze mwale yenyewe. Mwaka 1984 ikaja HP LaserJet, ikitumia injini (mtambo wa ndani wa kuchapa) iliyotengenezwa na Canon: kurasa 8 kwa dakika, nukta 300 kwa inchi, bei dola 3,495. Hapo ndipo printa ya leza ilipokaa juu ya meza ya mtu wa kawaida wa ofisini.

3. Leza au ya wino, ipi imeundwa kwa ajili ya ofisi?

Zote zipo. Leza haijali kukaa wiki mbili bila kazi, kwa sababu unga haukauki. Printa ya wino ina matundu membamba kuliko unywele, na wino ukikauka humo umepata kazi. Kwa upande mwingine, printa za matangi ya wino ni nafuu kwa kila ukurasa na zinavuta umeme kidogo. Ofisi inayochapa kila siku itafurahia tangi. Ofisi inayochapa mwisho wa mwezi tu, chukua leza.

## Karatasi

4. Mbona inavuta karatasi mbili mbili, au inasaga bila kuvuta kabisa?

Hapa pana hesabu ndogo nzuri kuliko zote kwenye mashine hii. Rola ya mpira inashika karatasi ya juu. Chini yake kuna kipande cha mpira au kizibo, wengine wanakiita pedi, kazi yake kuzuia ya pili isifuate. Ili karatasi itoke moja moja, misuguano mitatu lazima ipangike: rola na karatasi uwe mkubwa kuliko wote, pedi na karatasi ufuate, karatasi kwa karatasi uwe mdogo kabisa.

Rola ikichakaa au ikijaa vumbi la karatasi, msuguano wake unashuka hadi kukaribia wa pedi, na mashine inasaga bila kuvuta. Pedi ikilainika, inashindwa kuizuia karatasi ya pili, zinaingia mbili. Mhandisi anajua vitafika huko, kwa hiyo kwenye mashine nzuri rola na pedi vimewekwa mahali ambapo mtu anavitoa kwa dakika mbili bila bisibisi. Ukinunua printa, fungua trei uangalie jambo hilo kabla ya kuuliza nukta kwa inchi.

Kwa leo, kabla hujaniita: futa rola kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholowanishwa maji kidogo, na upepete rimu kabla ya kuipakia.

5. Kwa nini inakwama zaidi masika, na zaidi Dar, Tanga na Zanzibar kuliko Dodoma?

Karatasi inakunywa hewa. Ikifungwa kiwandani ina unyevu wa karibu asilimia 5. Ukiiacha wazi pwani, kingo zinakunywa kwanza, zinatanuka, na rimu inakuwa na mawimbi pembezoni. Ikiingia kwenye fyuza, maji yanageuka mvuke, upande mmoja unakauka haraka kuliko mwingine, karatasi inajikunja kama jani la mgomba juani na kugonga mlango wa kutokea. Kuna na la pili: karatasi yenye unyevu inapitisha umeme, basi chaji ya kuvuta tona inavuja na maandishi yanatoka yamefifia au mabaka mabaka.

Dodoma kuna shida ya kinyume. Kwenye hewa kavu umemetuli unakaa kwenye karatasi zenyewe, zinagandana, zinaingia mbili.

Niliitwa ofisi moja Tanga, ghorofa inayotazama bahari. Printa inakwama kila asubuhi, ikifika saa tano imepona. Walishabadilisha rola, wakabadilisha fyuza. Nilichofanya ni kuangalia trei: karatasi zilizolala humo usiku kucha, madirisha wazi, kingo zimepinda kama ulimi. Zile 20 za juu ndizo zilizokuwa zinakwama, zikiisha kazi inaendelea. Dawa ilikuwa kuzitoa jioni na kuzirudisha kwenye ganda la rimu. Ganda lile halikuwekwa kwa urembo. Lina utando wa kuzuia unyevu, na mshale uliochapwa ubavuni unaonyesha upande wa kuchapa kwanza.

Na je, wahandisi hawakulijua hili? Walilijua, tazama swali la 12.

6. Karatasi haijakwama, naiona kabisa, lakini printa inasema imekwama. Kwa nini?

Kwa sababu printa haioni karatasi, inapima muda. Mashine ya kurasa 30 kwa dakika inatoa karatasi moja kila sekunde 2. Njiani kuna sensa, mara nyingi kijiti cha plastiki kinachosukumwa na karatasi, na kompyuta ya ndani inajua ncha inatakiwa kufika lini. Ikichelewa, injini inazimwa, maana ni heri ikatae kazi kuliko karatasi kujizungusha kwenye fyuza. Rola inayoteleza, kijiti kilichovunjika, hata kipande cha stika kilichobaki: yote yataitwa "karatasi imekwama".

## Tona, dramu na moto

7. Kwa nini tona na dramu vimefungwa pamoja kwenye katriji moja? Si ujanja wa kuuza?

Biashara ipo, sikatai. Lakini chanzo chake ni uhandisi. Mashine za kunakili za zamani zilihitaji fundi atembelee kila mara kusafisha na kurekebisha. Canon walipotaka kuuza mashine ndogo kwa watu wasio na fundi, mwaka 1982 walitoa PC-10 na PC-20 zenye katriji inayobeba tona, dramu, sehemu ya kuchaji na ubapa wa kusafisha. Ukibadilisha katriji umebadilisha karibu kila kinachochakaa haraka. Injini ya LaserJet ya 1984 ilirithi wazo hilo.

Hili ndilo ninalopenda watu walielewe kuhusu kazi ya hawa wahandisi. Hakuna mpira usiochakaa wala utando usiolika. Wanachoamua ni kipi kichakae, kichakae wapi, na nani aweze kukibadilisha. Printa mbovu ni ile ambayo kipande cha bei ndogo kinaisha mahali ambapo lazima uvunje mashine nzima kukifikia, na zipo. Nimezifungua.

Baadhi ya watengenezaji hutenganisha dramu na tona, kwa sababu dramu inaweza kudumu mara kadhaa zaidi ya unga. Ukurasa unakuwa nafuu, ila sasa una vitu viwili vya kufuatilia.

8. Tona ya kujaza (rifili) inaharibu printa?

Inategemea unga. Tona si masizi tu. Ni plastiki iliyochanganywa na rangi, nta ili isigande kwenye fyuza, na juu yake vumbi laini la silika linaloufanya unga utiririke. Chembe zake ni kama microni (sehemu ya elfu ya milimita) 5 hadi 10. Kuna njia mbili za kuitengeneza: kuyeyusha mchanganyiko, kuupoza na kuusaga, ambapo chembe zinatoka na kona kona kama kokoto, au kuzikuza chembe ndani ya kimiminika hadi zifikie ukubwa unaotakiwa, zikatoka za mviringo na zinazolingana. Za pili zinachora mstari safi zaidi.

Kila printa imepangwa kwa unga wenye chaji fulani na unaoyeyuka kwa joto fulani. Ukijaza wa mashine nyingine, unaweza kuchapa vizuri kurasa 300 kisha ukaanza kuvuja, kuchafua nyuma ya karatasi, au kukataa kushika. Rifili iliyofanywa na mtu anayejua modeli, akamwaga taka na kuangalia ubapa, sina ugomvi nayo. Ya kutoboa katriji kwa pasi ya kulehemu na kumimina unga wa "saizi zote", nitaikataa mbele yako.

9. Maandishi yanafutika nikipitisha kidole. Tona mbovu?

Anza na fyuza. Hapo joto hufika karibu nyuzi 180 hadi 200, na karatasi inapita kwa sehemu ndogo ya sekunde. Zamani rola nzito ilipashwa muda wote ili iwe tayari. Miaka ya 1990 zikaenea fyuza za filamu: hita nyembamba yenye ngozi nyepesi inayoizunguka, inapata moto ndani ya sekunde chache na kupoa kazi ikiisha. Umeme ulipungua sana. Gharama yake ni kwamba ngozi hiyo ni laini. Pini moja ya stepla inatosha kuichana, na alama itakuwa kwenye kila ukurasa hadi uibadilishe.

Kama fyuza ni nzima, angalia mipangilio ya aina ya karatasi. Ukichapa kadi nzito huku printa imeambiwa ni karatasi ya gramu 80, haitaongeza moto wala kupunguza mwendo.

10. Kuna doa linajirudia chini ya ukurasa. Nibadilishe nini?

Chukua rula. Pima kutoka doa hadi doa linalofuata, kwa milimita. Kila rola inaacha alama yake kila inapomaliza mzunguko, kwa hiyo umbali huo ndio mzingo wa mkosaji. Dramu yenye kipenyo cha milimita 30 itarudia kila milimita 94. Ya milimita 24, kila 75. Vitabu vya mafundi vina jedwali la kila modeli. Mstari mrefu usiokatika kutoka juu hadi chini ni jambo jingine: hapo kuna kitu kimesimama mahali pamoja, mara nyingi ubapa wenye pengo au uchafu kwenye njia ya leza.

## Nambari za kwenye boksi

11. Boksi linasema kurasa 2,000, mimi nimepata 900. Nimeibiwa?

Pengine hapana. Kwa leza nyeusi na nyeupe kipimo ni kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 19752. Wanachukua angalau printa 3 na katriji 9, chumba cha joto la nyuzi 23 hivi, wanachapa ukurasa maalumu mfululizo. Ukurasa huo umefunikwa na tona kwa karibu asilimia 5, yaani barua fupi ya kawaida. Wewe unachapa fomu zenye jedwali, nembo nzito na picha ya mgombea. Ukifika asilimia 10, nusu imeondoka. Kuchapa ukurasa mmoja mmoja nako kunaongeza uchakavu, kwa sababu kila safari dramu inazunguka bure mwanzoni na mwishoni.

Ile nambari nyingine kubwa, ya kurasa kwa mwezi, ina sura mbili: kikomo na kiwango kinachoshauriwa. Soma ya pili. Ya kwanza ni kama spidi ya mwisho kwenye dashibodi ya gari.

Na nukta 1,200 dhidi ya 600? Kwa barua huoni tofauti. Kwenye picha za kijivu unaiona.

## Majaribio, na makosa yanayoponyoka

12. Wahandisi wanazijaribuje kabla ya kuziuza?

Kwanza kwenye karatasi: wanaandika kila kipande, jinsi kinavyoweza kuharibika, madhara yake, na namna ya kugundua mapema. Kisha sampuli zinaingia kwenye vyumba vya hali ya hewa. Kimoja cha joto na unyevu, kama nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, ambayo kwetu ni siku ya kawaida ya Machi. Kingine baridi na kikavu, nyuzi 15 na asilimia 10. Humo wanachapa kwenye karatasi za nchi na viwanda mbalimbali, nzuri na mbaya, wakihesabu kila kukwama.

Sambamba kuna mashine zinazochapa hadi zife. Milango inafunguliwa na kufungwa na mkono wa roboti maelfu ya mara, maboksi yanaangushwa na kutikiswa kama yako nyuma ya lori. Uharibifu ukichorwa kwa muda unatoa umbo la beseni: mwingi mwanzoni kwa kasoro za kiwandani, kidogo katikati, mwingi tena uchakavu unapoanza. Kazi ni kuuteketeza ule wa mwanzo kabla boksi halijafungwa, na kuusogeza ule wa mwisho mbele.

Soma sasa kitabu cha printa yako. Nyingi zinaandika unyevu usiozidi asilimia 80. Pwani tunaupita usiku mwingi, na hapo uko nje ya kile kilichojaribiwa.

13. Kwa majaribio yote hayo, kosa kubwa linaweza kupita?

Limewahi. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua kwamba mashine za Xerox WorkCentre, zilipokuwa zikiskani, zilibadilisha tarakimu. Kwenye ramani ya nyumba, vyumba vitatu vya ukubwa tofauti vilitoka vyote vimeandikwa mita za mraba 14.13. Programu ya kubana picha ilikuwa ikitafuta vipande vinavyofanana na kutumia kimoja mahali pa vingine, na kwenye maandishi madogo 6 ilifanana vya kutosha na 8. Xerox walitoa programu ya marekebisho.

Linanitisha kuliko moto wa 914, kwa sababu ukurasa ulitoka safi, herufi kali, hauna doa. Macho ya mkaguzi yanatafuta kilichofifia. Hapa hakikuwepo.

## Mambo ya pembeni

14. Niichomeke kwenye UPS (betri ya akiba ya kompyuta)?

Leza, hapana, isipokuwa UPS kubwa. Fyuza ikipasha inavuta mamia ya wati kwa mpigo, wakati mwingine zaidi ya 1,000, na UPS ya kompyuta italia na kuzima. Tumia kizuia mshtuko wa umeme au stebilaiza yenye uwezo. Ya wino haina shida.

15. Ndugu yangu ameniletea printa kutoka Marekani. Nikiweka transfoma itafanya kazi?

Angalia lebo ya nyuma. Printa nyingi za wino zinakubali volti 100 hadi 240. Leza mara nyingi haikubali, maana hita yake imetengenezwa kwa volti moja tu. Hita ya volti 120 ukiipa 240 inatoa nguvu mara nne. Transfoma yenyewe iwe kubwa (swali la 14), na fyuza ya akiba utaisaka mpaka uchoke.

16. Ni kweli printa za rangi zinaacha alama za siri?

Ndiyo, nyingi za leza za rangi. Vitone vya njano visivyoonekana kwa macho, vinavyobeba namba ya mashine na wakati wa kuchapa. Mwaka 2005 shirika la EFF la Marekani, linalotetea haki za kidijitali, lilitangaza kuwa limeusoma mpangilio wa mojawapo ya Xerox DocuColor. Chukua taa ya bluu na kioo cha kukuza, tazama sehemu nyeupe.

17. Inatoa kurasa mia za alama zisizosomeka. Virusi?

Karibu kila mara ni draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa. Kompyuta inatuma maelekezo kwa lugha ambayo printa haiielewi, nayo inayachapa kama maandishi. Futa kazi zote kwenye foleni, weka draiva ya modeli yako hasa.

18. Inanuka kuungua na kuna kitu kinagonga ndani.

Zima, chomoa, subiri nusu saa fyuza ipoe. Mwanzoni nilidhani kila harufu ni waya. Siku hizi naanza na tochi: joto linavuta mende na mijusi, na gia hazichagui. Niliyoitoa wiki hii ilikuwa na mkia wa mjusi umejisokota kwenye gia ya fyuza, na mwenyewe mjusi akiwa hai kabisa chini ya trei.